Swali la Tisa la Fomu ya Ruzuku

Tangu nikabidhi funguo za ofisi sijaweza kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Mume wangu anasema nazunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza miwani. Miwani ninayo. Kinachonisumbua ni kwamba saa kumi na moja asubuhi nimeshaamka, saa kumi na mbili nimeshavaa, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Kwa hiyo nimeona niyaandike haya kwa ajili yenu mliorithi lile kabati la chuma, hasa rafu ya chini yenye mafaili ya ruzuku za filamu, maana najua hakuna anayependa kuifungua. Mlango wake unakwama. Uinue kidogo kwanza, ndipo uvute.

Nilianza kazi Mbinga nikiwa afisa utamaduni msaidizi, binti aliyetoka chuoni na sketi mbili na matumaini ya kupewa meza. Siku ya kwanza nilipewa waya niushike. Aliyenipa alikuwa Mzee Haule, mzaliwa wa Liuli, mwendeshaji wa gari la sinema la serikali. Gari hilo lilizunguka vijijini na jenereta, projekta na shuka jeupe, likionyesha filamu za kilimo bora na lishe ya watoto. Jioni hiyo tulikuwa Kitai, kando ya barabara ya Songea. Mzee alifunga shuka, akawasha mashine, kisha akachukua kiti chake na kukiweka pembeni ya shuka, akawageukia watu.

"Mzee, filamu iko huku," nikamwambia.

"Hiyo filamu nimeiona mara mia, binti yangu. Hawa sijawaona."

Alikuwa na daftari dogo. Watu walipocheka, aliandika. Walipoanza kuongea wao kwa wao, aliandika. "Sikiliza wanakohoa wapi," aliniambia. "Mtu akinogewa na anachokiona husahau kukohoa. Wakianza kukohoa wote, ujue filamu imewapoteza." Chuoni hakuna aliyekuwa amenifundisha hivyo. Nimekaa pembeni ya skrini nikiwatazama watu katika kazi yangu yote, na mpaka leo mume wangu hapendi kuangalia televisheni na mimi.

Miaka ikapita. Gari la sinema likaishia juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mzee Haule akastaafu, akarudi Liuli kwake. Watu wakaanza kupiga filamu wenyewe, kwanza kwa kamera za harusi, baadaye hata kwa simu. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya kuandaa filamu kwa ajili ya majumba ya sinema, waraka ulizunguka ofisi zote za halmashauri ukarudi kwangu, kwa sababu walipouleta nilikuwa chooni, na meza yangu ilikuwa tupu.

Niwaeleze ruzuku hii ni nini, maana kila mwombaji anaielewa vibaya, na nyinyi mtawaeleza mara nyingi mpaka mchoke. Msichoke. Ruzuku hii si ya kupiga filamu. Hainunui kamera, hailipi waigizaji, haikodi basi. Filamu ikishapigwa na vipande vyake kuunganishwa, bado ni kama kahawa iliyokaushwa ambayo haijakobolewa: ni kahawa kweli, lakini huwezi kuipeleka mnadani. Ruzuku inalipia ule ukoboaji. Sauti isafishwe, rangi zisawazishwe ili asubuhi isigeuke jioni katikati ya sentensi, maandishi ya tafsiri yawekwe chini ya picha kama watu wanaongea Kimatengo au Kinyasa, filamu ikaguliwe na kupangiwa umri wa watazamaji, kisha itengenezwe ile kopi maalumu ambayo mashine ya jumba la sinema inaikubali. Mbinga haina jumba la sinema. Hilo pia mtaulizwa, na jibu ni kwamba ruzuku haijengi majumba.

Mwombaji akikuletea filamu, usiitazame kwanza. Vaa hedifoni, fumba macho, sikiliza dakika kumi. Watu husamehe picha mbaya, lakini mtu aliyelipa kiingilio hasamehi kutosikia. Filamu nyingi kutoka kando ya Ziwa Nyasa nilizozipokea zilikuwa na picha za kupendeza na sauti ya mawimbi tu, waigizaji wakifungua midomo kama samaki. Moja ilikuwa ya mvuvi wa Mbamba Bay, nzuri sana, ya ugomvi wa ndugu wawili juu ya nyavu za usipa, dagaa wa ziwa letu. Tafsiri ya Kiswahili alikuwa ameifanya kaka yake, mwalimu wa dini katika kanisa la Kianglikana. Nilimwita mama mmoja wa Kinyasa anayeuza vitambaa sokoni aje anisaidie kuikagua. Ndugu wawili walipokuwa wakitukanana ufukweni, yule mama akashika mdomo kwa mikono miwili. Nikasoma maandishi chini: "Ndugu yangu, mwenendo wako haunifurahishi."

"Ndivyo alivyosema?" nikamuuliza.

"Mama Kapinga," akaniambia, "alichosema siwezi kukirudia na umri huu."

Tulimrudishia mvuvi, tafsiri ikaandikwa upya, filamu ikapita. Nawasimulia hili ili mjue kwamba afisa asiyejua lugha anayoongea mwombaji atafute anayeijua, sokoni kama si ofisini.

Sasa niwaeleze kesi ya Fidelis Komba, ambayo ndiyo hasa inayonifanya nizunguke nyumba.

Fidelis ni mpiga picha za harusi na kipaimara hapa mjini, kwao ni Mpepai. Kwa miaka mitatu, kila alipokosa harusi ya kupiga, alikuwa anapanda Mpepai kupiga filamu yake: wanawake wawili wajane wa nyumba moja, mama mkwe na mkamwana, wanaogombea shamba la mlimani. Aliyeigiza mama mkwe alikuwa Bibi Skolastika, mwanamke asiyewahi kuigiza maishani, na sijaona mwigizaji anayemfikia. Filamu ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliivua hedifoni na kumtazama Fidelis usoni. Lakini upepo wa mlimani ulikuwa umeingia kwenye kila neno. Bila ruzuku ingebaki kwenye kompyuta yake, kati ya harusi za watu.

Nikampa ushauri ambao nimewapa waombaji wote. "Kabla hujaileta rasmi," nikamwambia, "waonyeshe wenyewe. Kaa pembeni, usiitazame filamu, watazame wao."

Nilikuwa na maana ya watu sita sebuleni. Sikusema sita. Na Fidelis ni mtu wa harusi. Video ya harusi ikiwa tayari, wenyewe si bwana na bibi harusi peke yao. Wenyewe ni kila aliyechanga, kila aliyepika, kila aliyebeba viti. Kigango chao, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa na jubilei. Katekista akasoma kwenye matangazo, baada ya misa, kwamba filamu yetu itaonyeshwa kwenye ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika, wote mnakaribishwa. Madirisha yakazibwa kwa magunia mchana kweupe. Mimi nilialikwa, nikapanda, nikaweka kiti changu pembeni ya shuka. Ghala lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya mizani.

Walicheka pale pa kucheka. Hakukohoa mtu, isipokuwa mwanakwaya mmoja mwenye mafua. Nilijawa na furaha. Kisha ikaja sehemu ya kuchimba ngolo.

Kwa mliotoka mbali: ngolo ni mashimo ya mlimani ya Wamatengo, yanayopangwa kwa safu ili mvua isishuke na udongo. Nyasi hufyekwa kwanza, zikalazwa chini kwa mistari inayokatana kama madirisha. Ndipo udongo wa katikati unachimbwa na kutupiwa juu ya nyasi. Nyasi zinaoza humo ndani, ndiyo mbolea, na ndizo zinazoshika tuta. Fidelis aliwaambia wanawake wachimbe mashimo kwanza, kwa sababu alikuwa amekodi droni na mashimo matupu yalipendeza kutoka juu. Nyasi zilikuja baadaye, zimetandazwa juu kama mapambo ya ukumbi.

Ghala zima likalipuka. "Shamba hilo mvua moja tu limehamia ziwani!" mzee mmoja akapaza sauti. Bibi Skolastika akasimama, akalizuia shuka kwa mwili wake, picha ya mashimo ikimwangukia kwenye kanga.

"Fide, mimi si nilikuambia siku ile ile?"

"Uliniambia, Bibi. Lakini ilipendeza kutoka juu."

"Huko juu anakaa nani? Ndege? Wewe unamchimbia ndege?"

Fidelis alitamani magunia yamfunike. Lakini ni mtu anayesikia; alichukua kalamu akaandika kila walichosema, akaahidi kupiga upya sehemu hiyo mwezi Machi, wakati wa kuchimba. Tukala wali na maharage, nikashuka mjini nikijiona mwalimu mzuri. Kile kilichokuwa kimetokea ndani ya ghala lile hakikunipitia akilini hata mara moja.

Wiki chache baadaye alikuja ofisini na fomu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Lete tuone."

"Nimejaza yote. Hapa kwenye swali la tisa nimeandika ndiyo. Si ndiyo?"

Swali la tisa linauliza hivi: Je, filamu hii imewahi kuonyeshwa kwa umma, kwa kiingilio au bure, mahali popote? Chini yake, kwa herufi ndogo, imeelezwa kwamba filamu iliyokwisha kuonyeshwa haipokelewi, awamu hii wala nyingine. Na chini ya hapo kuna nafasi ya afisa kuthibitisha kwa saini. Sharti hilo lina sababu. Ruzuku inatolewa ili filamu ifike kwa watazamaji wake wa kwanza ikiwa kamili, na wenye majumba wanataka filamu ambayo hakuna aliyeiona. Nilikuwa nimelisoma sharti hilo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuliona. Nilimwambia Fidelis aniachie fomu. Alipotoka, nikafunga mlango nikaanza kutembea kutoka kabatini hadi dirishani.

Siku ya tatu nikapata la kufanya. Nilimpigia katibu wa kamati ya ruzuku, mwanamke mpole ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Nikamweleza yote, na kwamba ushauri ulikuwa wangu.

"Walioshiriki kutengeneza filamu si umma, Mama," akasema. "Waigizaji, mafundi, wenye mashamba. Niletee orodha ya waliokuwa ghalani, kila mmoja na kazi yake."

Nilipanda Mpepai na Fidelis, siku mbili, nyumba kwa nyumba. Nawaambia, katika mlima ule karibu kila mtu alikuwa ameshiriki. Huyu alitoa mbuzi. Huyu aliazima koti la marehemu. Huyu alifukuza kuku wasipige kelele. Tukafika kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika maharage, nikamuuliza yeye alifanya nini.

"Mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza?"

"Walisema kila aliye karibu anyamaze. Nikanyamaza tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mume wangu anajua si kawaida yangu. Hiyo si kazi?"

Nikaandika: msaidizi wa sauti. Na naisimamia mpaka leo.

Kurasa sita zikajaa. Fidelis alikuwa anashuka mlima akiimba. Nikamuuliza, "Na kwaya?"

Wimbo ukakatika. Kwaya ya wageni ilikuwa imetoka Litumbandyosi kuja kuimba kwenye jubilei. Walikaa mstari wa mbele kabisa, na sare zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameikaribia filamu ile.

"Mama, wale walikula chakula chetu. Ni watu wa nyumbani."

"Walishiriki kutengeneza?"

"Waliimba vizuri."

Nikafungua ukurasa wa saba. Nikaandika majina yao, na mbele ya kila jina: hakushiriki. Fidelis alitembea mbele yangu njia yote hadi mjini bila kugeuka.

Nikatuma. Siku nne baadaye katibu akapiga. Sauti yake ilikuwa ya taratibu kuliko kawaida.

"Mama Kapinga, orodha imefika, ila ukurasa wa saba hausomeki vizuri. Sijui kama kuna haja nao. Ukinitumia upya kurasa sita tu, zinatosha."

Nilielewa, na nadhani alijua nimeelewa. Nikamwambia nitampigia. Nikatoka, nikaenda mpaka stendi ya mabasi, nikarudi, nikaenda tena. Fidelis alikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi. Nikamwambia alichosema katibu, kwa sababu ilikuwa filamu yake.

"Basi tuma sita, Mama! Ni kwaya tu."

"Ni watu walioketi mbele ya macho yangu, Fidelis."

"Nani atawauliza? Nani atakwenda Litumbandyosi kuuliza?"

"Hakuna."

"Wewe ndiye uliyeniambia niwaonyeshe. Mimi sikujitungia."

"Ndiyo. Na hilo nimeliandika kwenye barua niliyoituma pamoja na orodha."

"Barua yako itanisaidia nini? Miaka mitatu, Mama."

Niliingia ndani nikatazama ile rafu ya chini. Kila faili lililokuwa pale lilikuwa na saini yangu chini ya swali la tisa: la yule mvuvi, la wote waliopata na waliokosa. Saini ile ilikuwa inaaminika kwa sababu moja tu, kwamba haikuwa imewahi kudanganya. Nikituma kurasa sita, nisingekuwa nimemsaidia Fidelis peke yake. Ningekuwa nimeyatia shaka mafaili yote. Nikatuma saba tena, safari hii kwa herufi kubwa zisomeke. Nikaongeza ukurasa wa nane, ulioeleza walichosema watu kuhusu ngolo na kwamba sehemu ile itapigwa upya.

Jibu lilifika kwa barua. Filamu iliyoonyeshwa ghalani haipokelewi. Lakini kazi ambayo sehemu yake kubwa imepigwa upya na kuunganishwa upya itahesabiwa filamu nyingine, na inaweza kuombewa awamu ijayo, mradi mtu yeyote asiyehusika asiione kabla.

Kwangu ilikuwa nusu mkate. Kwa Fidelis ulikuwa mwaka mzima wa kusubiri. Aliisoma amesimama, akaikunja, akasema asante kwa namna ambayo ni afadhali angenitukana. Kuanzia hapo akiniona sokoni alivuka upande wa pili. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, nimekosewa adabu na wakubwa na wadogo, lakini hakuna kilichoniuma kama mtu yule kunipita bila shikamoo. Nililala vibaya. Nilimwandikia ujumbe mara nyingi na kuufuta.

Machi ilipofika nilisikia wanachimba. Sikualikwa. Nilipanda hata hivyo, nikasimama upande wa pili wa bonde, mbali. Wanawake walikuwa wamepanga mstari, nyasi zimeshalazwa, na Bibi Skolastika alikuwa anawaelekeza kwa fimbo. Na alipomaliza na wanawake, akamwelekeza mwenye kamera. Baadaye nikaambiwa kwamba bibi hakuishia kwenye mashimo. Alisema kama tunarudia, basi na ugomvi wa jikoni turudie, maana wajane hawagombani namna ile mbele ya chungu. Na msiba urudiwe. Filamu iliyobaki kutoka ile ya kwanza haifiki robo.

Mimi nikastaafu kabla awamu mpya haijafunguliwa. Faili la pili la Fidelis lilipokelewa na Ndugu Turuka, mliyenaye hapo ofisini, na alinipigia kuniuliza aandike nini kwenye swali la tisa. Nikamwambia hilo ajibu yeye, kwa kwenda kuuliza kila nyumba. Alikwenda. Alirudi na viatu vimeisha na jibu moja: hapana.

Ruzuku imetoka mwezi uliopita. Filamu iko Dar es Salaam, inasafishwa sauti. Nilijua kwa sababu juzi simu iliita, nikaona jina ambalo halikuwa limetokea kwenye simu yangu kwa zaidi ya mwaka.

"Shikamoo, Mama."

Nilikaa chini. "Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri. Wanauliza kama sauti ya majembe waipunguze, wanasema ni kubwa mno."

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimewapa namba ya Bibi Skolastika."

Tukacheka wote wawili. Akanieleza wanavyofanya kazi, jinsi upepo unavyoondolewa sauti ya mtu ikabaki, na mimi nikawa namuuliza hiki na hiki, nimeshasimama, natembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Fidelis, ukipita Mbinga kabla haijatoka, nipitishie niione. Kidogo tu. Hata kwenye kompyuta, hata bila sauti. Nitakaa pembeni."



"Mama Kapinga," akasema, kwa upole kabisa, "ningependa sana. Lakini wewe umeshastaafu. Wewe sasa ni umma."